Eda ya Shangazi kwa Hesabu ya Televisheni

Plastiki iliyopata moto ina harufu yake, haifanani na kitu kingine chochote kinachoungua. Juzi mwalimu wetu alipowasha kompyuta ya shule, ile moja tunayoigombania kidato kizima, harufu hiyo ikanijia puani. Wenzangu wakasukumana kutazama kioo. Mimi nikaona chumba cha Shangazi Mwanaisha, nyumbani kwetu Malindi, nilipokuwa darasa la tano.

Mumewe alikuwa amefariki, naye akakaa eda kwetu: nguo nyeupe, hina hapana, manukato hapana, na mlango wa nje haukanyagi mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, amezoea kukemea watoto chumba tele. Sasa alibaki na mimi tu wa kukemea. Msione nimenyooka hivi, niliteseka.

Na binti yake Rukia alikuwa anaolewa Lamu. Bwana arusi alifanya kazi Maskati, likizo yake fupi, kwa hivyo siku ya arusi haikusogezeka hata kwa kuvutwa na kamba. Nyumba nzima tukawa na swali moja: je, eda itakwisha mapema, Shangazi amwahi mwanawe?

Kaka yangu Hamadi akasema tuiulize kompyuta. Alikuwa nayo, wallahi. Alifanya kazi hotelini, na mtalii mmoja wa Kijerumani alimwachia kitu kama mashine ya taipu iliyokatwa miguu, unakichomeka kwenye televisheni.

"Unaipa tarehe ya msiba," akatueleza, sauti imeshapanda cheo. "Inajumlisha miezi minne, inajumlisha siku kumi, inakupa tarehe ya kutoka."

"Na mwezi inaujua?" Shangazi akauliza.

"Haijui kitu, Shangazi. Mimi ndiye naiambia mwezi una siku ngapi."

Akaiwasha mle chumbani kwa Shangazi, plastiki ikanuka moto, akaiambia thelathini. Televisheni ikawaza kidogo, ikatoa tarehe. Ilikuwa siku chache baada ya arusi.

Shangazi akavuta upindo wa nguo akajifunika uso. Hamadi akajikuna kichwa, akatazama kioo, akamtazama Shangazi, kisha akasema polepole kwamba mwezi si ni wiki nne, na wiki nne si ni siku ishirini na nane? Akafuta, akaandika upya. Safari hii tarehe ikaangukia kabla ya arusi. Mama akaanza kigelegele, akakumbuka kuna msiba, akakimeza katikati.

"Si imesema yenyewe," akasema.

Mimi nikaibusu televisheni, ikanipiga shoti ya midomo.

Siku ikafika. Alfajiri Shangazi akaogeshwa, akavishwa buibui jipya. Basi la Lamu lilikuwa liondoke saa moja. Hamadi akabeba sanduku, mimi nikabeba kapu la halua, nimeshaionja pembeni pasipoonekana. Shangazi akainua mguu avuke kizingiti, akatazama juu. Upande wa magharibi, juu ya mapaa ya makuti, mwezi ulikuwa haujatua. Mweupe, mnene, kama sinia lililotoka kusuguliwa.

Mguu ukabaki hewani.

"Marehemu alikufa mwezi mpevu," akasema. "Miezi minne ikapita, ukapevuka tena juzi hapa. Ukiongeza siku kumi, unabaki kipande. Kipande kiko wapi, Hamadi?"

Hamadi alikuwa amepauka kuliko mwezi wenyewe.

"Wifi, basi litakuacha," Mama akasema.

Shangazi akaurudisha mguu ndani. Akavua buibui palepale, akalikunja vizuri, akampa Mama, akarudi chumbani kwake. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemkataza. Mimi nilisimama na kapu langu la halua, na honi ya basi tukaisikia ikipita barabarani.

Mchana Hamadi akaenda kukaa chini mlangoni pake.

"Nilikosea, Shangazi."

"Hukukosea. Nilikuona ulivyoniangalia kabla ya kufuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kwenda," akasema.

Rukia akaolewa bila mama yake. Nami kwa miaka nikaitukana ile mashine, nikawa nawachekesha wenzangu kwa hadithi ya kompyuta ya Kijerumani isiyojua hata miezi. Hiyo juzi ndiyo iliyoninyamazisha, mwalimu alipoandika ubaoni zoezi la kujumlisha tarehe, akauliza nani anajua mwezi una siku ngapi, na darasa zima likanyoosha mkono. Mle chumbani kwa Shangazi pia tulikuwa tunajua sote, hata mimi wa darasa la tano.