Kumwitikia Asiyekuwepo

Asubuhi ile tulikuwa watano uani, nyumbani kwetu Lweba, kijiji cha Kongo kando ya ziwa. Babu Asende alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha miti. Mimi, Mauwa, nilisimama wa kwanza, kwa kuwa ndimi mkubwa. Nyuma yangu alikuwa Riziki, kitinda mimba wetu, kisha Feza, na mwisho kabisa Wilondja, mvulana pekee kati yetu. Lakini kwa hesabu ya Babu tulikuwa tisa. Kasongo, Bosenge, Ngoyi na Saleh nao waliitwa asubuhi ile, na kila mmoja wao aliitikiwa.

Watu hao wanne walikufa katika vita vya Abisinia, kabla baba yangu hajazaliwa. Babu alikuwa askari pamoja nao. Wabelgiji waliwachukua kutoka kila pembe ya Kongo, wakawapeleka kwa mashua, kwa malori, na zaidi kwa miguu, hadi Sudani, na kutoka huko hadi kwenye milima ambako Waitaliano walikuwa wamejichimbia. Babu alirudi na blanketi moja na tabia ya kuita majina kila asubuhi.

Baba yetu alikufa maji ziwani, na mama alifariki siku alipomzaa Riziki. Niliacha shule darasa la tano nikawa mama wa nyumba. Wadogo zangu waliniita yaya, kama watu wa kwetu wanavyomwita dada mkubwa au kaka mkubwa. Babu alitupanga mstari, na kila mmoja alipewa mtu wa kumwitikia. Mimi nilikuwa na Kasongo, Wilondja alikuwa na Bosenge, Riziki alikuwa na Ngoyi, na Feza alikuwa na Saleh.

"Riziki!"

"Niko."

"Ngoyi!"

"Niko. Babu, Ngoyi anasema iko na njaa."

"Ngoyi alikuwa na njaa tangu siku mama yake alimuzaa," Babu akasema. "Mumupe ndizi."

Tulicheka sote. Saleh ndiye aliyeitwa mwisho siku zote. Hakuwa askari. Alikuwa mpagazi, alibeba masanduku ya risasi kichwani, na katika orodha ya sajini jina lake halikuwemo hata siku moja. Babu alimwongeza mwenyewe.

Siku ile Feza alipokwisha kumwitikia Saleh, hakutoka kwenye mstari. Alikuwa na miaka minane, na swali likimkaa haliondoki.

"Babu, na we? Nani anakuitikia?"

"Mi niko hai, mutoto. Muntu iko hai anajiitikia mwenyewe."

Feza hakuonekana kuridhika. Nilimtuma mtoni akatoe mihogo niliyoiloweka, Wilondja akaenda ufukweni kutazama kama wavuvi wameleta ndagala, wale dagaa wa ziwani. Jua lilikuwa zuri. Sikumbuki jambo jingine la siku ile, na nimejaribu sana.

Ni lazima nieleze kwa nini wafu waliitikiwa, maana bila hilo hakuna atakayeelewa kilichotupata. Huko milimani mvua ilinyesha, mito ikafurika, na malori ya chakula yakakwama njiani. Miguu ya askari ilivimba kwa njaa. Asubuhi sajini aliita majina, na ambaye hakuitikia alikatwa kwenye orodha. Aliyekatwa hakuwa na mchele tena. Kwa hiyo Kasongo alipolala hemani hawezi kusimama, Babu alimwitikia. Alijibu kwa jina lake, kisha kwa la Kasongo, akibadilisha sauti kidogo. Alimletea mchele wake siku tano.

"Siku ya sita Kasongo alikufa," Babu alituambia. "Siku ya saba sajini aliita Kasongo. Nikasema niko. Ule muchele nilikula mimi."

Alituambia hivyo mara moja tu.

Waitaliano waliposalimu amri, picha ilipigwa. Wazungu walisimama mbele. Babu alisema yeye alikuwa upande wa kushoto, nyuma ya farasi, na kwenye picha ungeweza kuona kofia yake tu. Wale wanne walibaki chini ya udongo wa huko bila kibao. Miaka mingi baadaye alitembea hadi Fizi, kwenye ofisi ya serikali, akaomba majina yao yaandikwe mahali popote. Karani alimwuliza karatasi ziko wapi. Babu alirudi Lweba, na kesho yake asubuhi akaita majina kama kawaida.

Sisi watoto tulijifunza somo moja katika habari hizo: kumwitikia mwenzako asiyekuwepo ni wema. Ndivyo unavyomwokoa.

Siku chache baada ya asubuhi ile, watu walianza kupita barabarani wakikimbia vita kutoka upande wa kaskazini, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba. Hawakusimama kusalimia. Jirani yetu Mama Sifa alifunga mafurushi yake akayapanga mlangoni. Nilimwuliza Babu tufanye nini. Alisema tulale tumevaa nguo.

Alfajiri milio ya bunduki ilianza, karibu na ufukwe.

Babu alitutoa nje, akatupanga vilevile.

"Mauwa mbele. Wilondja nyuma. Badogo katikati. Mupande kwa njia ya mashamba mpaka kwenye jiwe kubwa."

"Na we, Babu?"

"Magoti yangu niliyaacha Abisinia." Alinishika mkono. "Sikia. Wa mbele hageuki. Ukigeuka unapoteza njia, na bale ba nyuma banaona woga wako. Uite majina, kwa sauti ya chini. Bakiitika, endelea."

"Nitabafikisha bote," nilimwambia.

"Bote," alisema.

Alirudi kwenye kiti chake. Feza alimtazama. Niliona alivyomtazama, na nilimvuta mkono.

Ukungu ulikuwa mzito mlimani. Nilikuwa na sufuria na unga kichwani, Riziki ameshika nguo yangu. Nyuma yake sikuona, kwa sababu sikugeuka.

Kwenye shamba la kwanza niliita.

"Riziki."

"Niko."

"Feza."

"Niko."

"Wilondja."

"Niko."

Tulinong'ona. Mnong'ono hauna mwenyewe, sauti zote huwa moja.

Milio ilisogea, sasa ilitoka kijijini.

Tulipita kijito. Niliita tena. Riziki aliitika, Feza aliitika, Wilondja aliitika.

Tukapanda.

Niliita mara ya tatu karibu na jiwe. Wote watatu waliitika, nami moyoni nilimwambia Babu: nimebafikisha.

Niliweka sufuria chini, nikageuka.

Alikuwepo Riziki. Alikuwepo Wilondja. Kati yao palikuwa na njia tupu.

"Feza iko wapi?"

Wilondja alitazama chini. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Alirudia kwa Babu."

"Wakati gani?"

"Pale kwenye shamba ya kwanza, kisha ya kuita. Alisema Babu iko peke yake, hana muntu wa kumuitikia. Alisema atatukamata kwa njia. Alisema nimuitikie, yaya, usimukasirikie."

"Na ulimuitikia?"

"Mara mbili."

Alilisema kwa kiburi kidogo. Hakuwa ameelewa bado. Alidhani amemtunza dada yake kama Babu alivyomtunza Kasongo, na kwamba muda si mrefu Feza angetokea kwenye ukungu akitweta, nami nisingejua lolote.

Nilimpiga kofi. Kisha nikamwambia, "Umemuua."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Naandika hilo nikijua kwamba halipunguzi kitu.

Nilitaka kushuka. Mama Sifa alikuwa amefika kwenye jiwe na watu wengine, nikamwomba anishikie hawa wawili. Nilishuka hadi mahali ambapo ukungu uliachia, nikaona paa za Lweba zinawaka upande wa barabara. Watu waliokuwa wakipanda walinisukuma nyuma. Mzee mmoja alinishika bega.

"Dada, huko hakuna kitu ya kurudilia."

"Mudogo wangu iko kule."

"Na kule juu?"

"Babili."

"Basi rudi kwa babili."

Nikarudi. Hakuna aliyenifunga kamba. Nilipima, mmoja chini, wawili juu, na miguu yangu ikapanda.

Tulikaa milimani majuma mengi, tukila mihogo mibichi na majani. Nikiwagawia chakula, Wilondja alikata sehemu ya chake akaiweka kando kwenye jani, na hakumpa mtu. Nililiona jani lile kila siku.

Tuliporudi Lweba, nyumba yetu ilikuwa kuta bila paa. Majirani waliotangulia walikuwa wamemzika Babu uani, pale tulipokuwa tukipanga mstari. Walisema walimkuta karibu na kiti. Alikuwa peke yake. Nilimwuliza kila mtu kuhusu Feza. Mwanamke mmoja alisema aliona msichana wa kimo kile akipandishwa kwenye mtumbwi wa watu waliokuwa wakivuka kwenda Tanzania. Mwingine alisema msichana huyo alikuwa wa watu wa kijiji cha Mboko, anamfahamu. Tulichimba palipochimbika. Hatukumpata.

Tulivuka ziwa nasi, tukakaa miaka katika kambi ya wakimbizi. Nilikuwa nikipita mstari wa maji, mstari wa mahindi, nikitazama nyuso za wasichana. Mwanzoni nilitafuta wa miaka minane, baadaye wa kumi na miwili, kisha wanawake wenye watoto mgongoni. Riziki aliolewa huko akabaki. Mimi na Wilondja tulirudi, na kwa muda mfupi tukaishi nyumba moja hapa mjini Baraka. Halafu akaenda Kalemie kuendesha pikipiki za kubeba abiria. Alisema huko kuna kazi. Hata Baraka kazi hiyo ipo.

Mimi nauza unga wa mihogo sokoni. Sikuzaa. Naamka mapema kuliko majirani, nafagia ua, kisha nasimama na kuita. Kasongo, Bosenge, Ngoyi, Saleh. Babu Asende nimemwongeza, nafuata mfano wake. Hao watano nawaitikia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, na wapita njia wamezoea. Watoto wa jirani hunitania: "Mama Mauwa, leo bote bamefika?" Nawajibu wamefika.

Kisha naita Feza, na sisemi kitu. Nasubiri kidogo. Sitaki mtu yeyote amwitikie tena isipokuwa yeye mwenyewe.

Mwaka huu mwalimu mmoja wa sekondari alinijia na daftari. Alikuwa akikusanya majina ya watu wa Fizi waliokwenda katika vita vya Wazungu, askari na wapagazi, kwa kuwa hayajaandikwa popote na wazee wanaisha.

"Karatasi iko, mama?"

"Karatasi hakuna. Iko majina tu, na bengine si ba Fizi."

"Si kitu. Sema, naandika."

Nikamtajia. Nilipofika kwa Saleh nilimwomba aandike kwamba alikuwa mpagazi, na kwamba bila masanduku yake bunduki za wengine zilikuwa fimbo. Ndivyo Babu alivyosema. Mwalimu aliandika, akanisomea. Majina matano, yamesimama kwenye mistari. Nililitazama la Babu kwa muda mrefu. Nilitamani kulipeleka daftari lile Lweba, nilisome uani pale.

"Mwingine iko?" aliniuliza, kalamu bado mkononi.

"Hapana," nikasema. "Bamekwisha."

Ile ilikuwa orodha ya wafu. Sikuwa na haki ya kumtia Feza.

Deni la Babu nimelilipa, majina yake yameandikwa. La Feza halina mtu wa kulipokea. Linalobaki ni la Wilondja, naye yuko hai, ana namba ya simu, na sasa ana mvi kidevuni. Nimekuwa na miaka yote hii ya kumwambia kwamba hakumuua mtu. Kwamba alikuwa mtoto aliyefanya alichofundishwa, na mkubwa aliyekuwa mbele ya mstari nilikuwa mimi. Mtu aliyewekwa mbele angeweza kugeuka mara moja. Mara moja tu, pale kwenye shamba la kwanza, ningemwona Feza akishuka.

Hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Hanisalimii kwanza. Huniita kama nilivyowaita mlimani.

"Yaya, uko?"

"Niko."

Nasikia pikipiki zikipita huko Kalemie, naye nadhani anasikia wenye maduka wa huku wakiita wateja. Neno lile, kwamba hakumuua mtu, nalishika mdomoni. Halafu mmoja wetu anauliza kama mvua imeshuka, na tunazungumza habari za mvua.