Tulipomtafutia Shosho Mti Wake

Shosho, bibi yangu mzaa mama, alitusumbua msimu mzima: macho yake yalikuwa yakiingia ukungu, na kabla hayajapofuka kabisa lazima aende kwenye mti walipomwacha mama yake. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, hali ya hatari ya Waingereza ilipolegea, tukaanza kuruhusiwa kusafiri bila kusumbuliwa na askari kwenye kila daraja. Mjomba, dereva wa lori la mahindi, akakubali kutubeba. Tukabanana mbele sisi wanne: yeye, Shosho, mama yangu na mimi.

Kutoka Ruiru mimi niliona barabara na katani tu. Shosho aliona njia ya miguu. Hapa, alisema, wanawake walitua mizigo ya maharagwe wakienda kubadilishana na Wakamba. Pale palikuwa na simba. Wakati wa njaa kuu, yeye akiwa mtoto mdogo, familia yao ilishuka kutoka Murang'a kutafuta chakula, na mama yake akaishiwa nguvu walipovuka mto Chania. Zamani hatukuwa tukizika; aliyekuwa akifa aliachwa porini. Walimlaza chini ya mugumo, mkuyu ambao kwetu ni mtakatifu, wakamwashia moto wa kumpa joto, wakaendelea.

Thika tulisimama kwenye maporomoko ya Chania. Jamani, maji yale! Ng'ambo Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ulikuwa umejifunua na theluji yake yote. Shosho hakuuona mlima. Alisikiliza maji mpaka akajua njia ilipopandia, akanyoosha fimbo.

Kule kulikuwa na shamba la mzungu, kahawa tupu mpaka macho yanachoka. Nilikata tamaa kabisa. Halafu mjomba akapunguza mwendo. Katikati ya kahawa ulisimama mugumo mmoja, mkubwa kuliko kanisa letu. Kibarua mmoja akatueleza kwamba mzungu aliamuru ukatwe, wote wakaweka mapanga chini, kwa sababu mugumo haukatwi. Mwishowe akawaachia.

Niliogopa, nasema kweli. Tulipofika chini yake hata mjomba alivua kofia. Shosho alipapasa gome kwa viganja vyote viwili, kisha akamvuta mama yangu mkono. Kwetu binti wa pili hupewa jina la bibi yake mzaa mama, na mama yangu ndiye aliyekuwa na jina la yule aliyeachwa pale; mwenye jina huhesabiwa kuwa ni yule yule amerudi.

"Mama," Shosho akauambia mti, akimsogeza mama yangu mbele, "tulikuacha, lakini hukubaki. Nimekulea mwenyewe. Tazama ulivyonenepa."

Mama yangu akakaa kwenye mizizi akalia, na Shosho akamfuta kamasi kwa shuka lake.