Msumari wa Chini

Mtundika picha wa jumba la sanaa huongea akiwa na misumari mdomoni, na hajatokea msanii wa kumlainisha. Kila mmoja anautaka ukuta unaotazama mlango. Yeye hupapasa plasta kwa kiganja kama anayepima homa, kisha hujibu, "Huo umeshapata mwenyewe, kaka. Tuongee mwingine."

Asubuhi ya maonyesho ya darasa la uchoraji la mtaani, akaja mzee na picha aliyoichora marehemu mkewe: dirisha, na nusu ya mbingu haijapakwa rangi. Jumba halipokei kazi ambayo haijakamilika, na mzee alilijua hilo. Alikuja na brashi mfukoni.

"Niimalizie hapa hapa, mwanangu. Sichelewi."

Mtundika picha aliitazama ile brashi, akatema misumari kiganjani.

"Ukiigusa inakuwa yako, baba. Rudisha brashi." Akaipokea picha. "Mama alikuwa anachora amesimama?"

"Amekaa. Kwenye kiti chake cha magurudumu."

Picha nyingine zote zilikuwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Hii akaipigia msumari chini, usawa wa kiuno. Mzee alilazimika kuchuchumaa ili aione vizuri, na wageni walipoanza kuingia walipita wakimzunguka, kwa kuwa hakuinuka.