Machujio Mawili ya Fundi Wagdi

Dada yake Fundi Wagdi alipohamia Kanada kumfuata bintiye, aliacha Kairo vitu viwili visivyopandishika ndegeni: mumewe, ambaye viza yake ilikuwa bado, na tangi la samaki refu kama jeneza. Mume akarudi kwa mama yake. Tangi likaletwa mtaa wa Shubra kwa Fundi Wagdi, pamoja na samaki wa dhahabu sita, wanene kama bilinganya.

Fundi Wagdi alikuwa mshona suti wa miaka sitini na moja, mtu wa maneno machache, futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata kanisani. Mkewe, Iftikar, alisema wazi kwamba nyumbani ataingia samaki wa kukaanga tu. Basi tangi likakaa dukani, mkabala na kioo cha wateja. Wiki mbili hazijaisha, maji yakawa kijani kibichi kama mchuzi wa mlenda, na kumwona samaki ikabidi ugonge tangi usubiri.

Haji Mitwalli, mwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, rafiki yake wa miaka thelathini na mshauri wake katika kila jambo asilolijua, akasema dawa ni chujio. Ijumaa wakaenda sokoni pamoja. Haji akachagua chujio dogo kuliko yote, mfano wa birika, akasema hilo latosha. Muuzaji, bibi mmoja aliyeitwa Mwalimu Dalal kwa kuwa alifundisha kemia maisha yake yote, akamnyang'anya mkononi na kumuuliza Fundi tangi lake lina lita ngapi.

Fundi hakujua lita. Alilipima tangi kama anavyopima watu, akaandika katika daftari la wateja. Akalifungua. Jina: Tangi. Kiuno: mia na hamsini. Kifua: hamsini. Mguu: sitini.

"Mteja wako huyu anaumwa?" akauliza Mwalimu.

"Hapana, ni mfupi tu," akajibu Haji.

Mwalimu akapiga hesabu kwenye kiganja: lita mia nne na hamsini. Akawaeleza taratibu, kama wanafunzi wa nyuma darasani, kwamba chujio la aina hii huning'inia mgongoni mwa tangi, hunyonya maji kwa bomba, huyapitisha kwenye sponji, kisha huyamwaga tena tangini kwa mbele. Maji yote yapite humo mara tano kwa saa, na kwa samaki wa dhahabu zaidi, maana wale hula kama wageni wa msibani, na kilichoingia hutoka. Chujio kubwa alilokuwa nalo lilivuta lita elfu moja na mia tano kwa saa. Kwa hiyo achukue mawili, moja kila upande. Likifa moja, jingine litasimama.

Haji akaona wanaibiwa. "Samaki sita, machujio mawili. Mimi nina wateja mia na choo kimoja."

"Najua," akasema Mwalimu. "Nilipita hapo mwaka juzi."

Mwisho akataka kuwauzia na pakiti ya pamba nyeupe ya kunasa uchafu mdogo uliopita kwenye sponji. Fundi akaivuta kidogo, akaisugua kwa vidole, akainusa. "Hii ni pamba ya mabega," akasema. "Ninayo gunia zima." Mwalimu akamminya bega la koti mbele ya soko lote, akafikiri, akakiri kwamba ndiyo yenyewe, ila asitie iliyopakwa gundi. Fundi akarudi Shubra kidevu juu. Kufikia Jumatano maji yalikuwa meupe pe, na samaki wakawa wanatazamana na wateja uso kwa uso.

Tatizo likawa sauti. Fundi aliogopa samaki wasije wakaruka nje, kwa hiyo aliacha maji chini sana ya ukingo, na machujio yakawa yanamwaga kutoka juu, kushoto na kulia, mchana kutwa. Mteja aliingia mzima. Akisimama dakika tano kupimwa, anaanza kuhamisha uzito mguu huu, mguu ule. Hakuna aliyesema sababu. Lakini aliyebana mapaja hapimiki vizuri, na suruali tatu zikatoka zimebana.

Siku moja akaja Hakimu Fakhri, mtu mzito wa mwili na wa heshima. Koti lina mkono mmoja, suruali ina pini arobaini. Fundi alipofika kwenye paja la ndani, hakimu akanong'ona kuuliza choo. Kilikuwa mkahawani kwa Haji. Suruali haivuliki, kukimbia hakuwezekani. Akavuka barabara kama anayekanyaga mayai, magari yakajisimamisha yenyewe, na mkahawa mzima ukainuka kwa heshima ukidhani anakuja kusoma hukumu.

Alasiri Haji akavuka. "Ndugu yangu," akasema, "wateja wako wamekojoa kwangu kuliko walivyokunywa."

Fundi, kwa aibu, akampigia simu Mwalimu Dalal kutaka kurudisha vitu vyake. Mwalimu akamwambia asogeze simu tangini. Akasikiliza. Kisha akamwamuru apime kutoka maji hadi mdomo wa chujio: sentimita kumi na nne. "Jaza hadi maji yaguse mdomo," akasema. "Yatateleza, hayataanguka. Na hao samaki wako, kwa unene huo unaonisimulia, waruke waende wapi?"

Fundi akalaza ndoo za maji usiku kucha ili dawa ya maji ya bomba itoke, asubuhi akamimina. Kila ndoo sauti ikapungua, mpaka akasikia mkasi wake ukila kitambaa. Akakaa kitini akatabasamu peke yake.

Siku nane baadaye Haji akaingia, akaketi, akauliza hali ya Iftikar, hali ya samaki, hali ya hewa. Fundi akaendelea kutunga uzi. Mwishowe Haji akakiri: wale waliokuja chooni waliona haya kutoka bila kuagiza kitu. Chai, kahawa, wengine shisha kabisa. Hata hakimu alishazoea, ana kiti chake. Tangu maji yajazwe, mkahawa umekuwa kama hema la matanga wageni walipokwisha ondoka.

"Punguza maji kidogo, bwana. Vidole viwili tu."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Kimoja," akasema. "Na Alhamisi tu."