Nilitengeneza mlingoti wa fiberglass usiovunjika, nusura tuzame watu watatu

Wakuu, nawasalimu kutoka Migori town. Leo naweka hapa jambo ambalo bado halijatulia kichwani mwangu, na nitalisema lilivyo, hata pale linaponivua nguo. Atakayecheka acheke, nimeshazoea.

Mimi ni fundi wa fiberglass. Bampa za matatu, matangi ya maji, mabati ya plastiki yaliyopasuka, vyote vinapita mikononi mwangu.

Ziwa silijui. Nimekulia upande wa Uriri, kwenye miwa na mahindi, na kuogelea sikuwahi kujifunza.

Dada yangu Akoth ameolewa Homa Bay. Ana mashua ya tanga ya kuvua mbuta. Mume wake, shemeji Ouma, ndiye nahodha. Anayeshika kamba ya tanga ni Odera, mtu wa makamo, Msabato, mchache wa maneno.

Mlingoti wao ulikuwa umevunjika mara mbili kwa mwaka mmoja. Mti mzuri siku hizi ni shida, unauziwa mkaratusi mchanga ambao haujakauka. Akoth akanipigia simu.

"Yawa, wewe si unatengeneza mpaka matangi? Nitengenezee mti haiwezi vunjika."

Kichwa kikavimba, wakuu. Nikaenda online, nikaona mashua za wazungu zenye milingoti ya carbon inayong'aa. Carbon sina, lakini fiberglass ninayo tele.

Nikatengeneza bomba refu, kuta nene, matabaka juu ya matabaka. Lilipokauka nikaliweka juu ya stendi mbili, mimi na jirani tukalikalia katikati. Halikupinda hata kidogo. Siku hiyo nilijiona injinia.

Tukalifunga juu ya lori la ng'ombe lililokuwa linatoka Ogwedhi, hao Homa Bay.

Niwaeleze kidogo mashua ilivyo. Mlingoti unapita kwenye tundu la ubao wa kukalia, halafu mguu wake unaingia kwenye kiti kilichopigiliwa sakafuni. Wao huukaza kwa kabari za mbao, na huacha kanafasi kadogo.

Ile nafasi mimi niliiona kama uchafu. Nikachanganya resin, ile gundi ya fiberglass inayokauka kama jiwe, nikamimina pale mguuni mpaka hata sindano haipiti.

Odera akauliza, "Na tukitaka kuitoa?"

"Hii haitoki, jaduong'," nikamjibu huyo mzee huku nacheka. Hakucheka.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Sabato ya Odera inaanza jua likizama, kwa hivyo tusipoijaribu saa hiyo, ni mpaka Jumapili, na Jumapili mimi nilitakiwa Migori. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya Mlima Homa. Ouma aliliangalia, akaniangalia.

Mimi ndiye niliyesema twende, nusu saa tu. Sitamsingizia mtu.

Life jacket ilikuwa moja, zipu imekufa, Odera ameikalia. Nikaona aibu kuiomba.

Mwanzo ilikuwa raha. Mashua ilikimbia mpaka nikaanza kupiga video. Odera alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlingoti, kamba mkononi, macho nusu yamefungwa. Nikadhani ni uvivu tu wa mtu aliyeshiba.

Upepo ukaongezeka. Maji yakabadilika rangi. Ouma akapaza sauti kutoka nyuma, "Odera, inasema nini?"

"Haisemi kitu."

Mimi nikacheka kwa sauti. Wanaume wazima wanaongea na mti!

Sasa nisikilizeni vizuri. Mlingoti wa mbao ukichoka hulia. Kabla ya kulia, hutetemeka. Anayeuegemea husikia mgongoni, na hulegeza kamba hata kabla nahodha hajafungua mdomo. Hawa watu wamefanya hivyo miaka yote, na hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza. Kwao ni kitu cha kawaida, nani atakuelezea jinsi anavyopumua?

Wangu ulikuwa kimya kama ukuta. Kwa hivyo tanga likabaki limejaa.

Ouma akauliza tena. Odera akageuka, akaushika kwa viganja vyote viwili, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umebadilika.

"Sijui," akasema. "Mimi sijui hii kitu."

Hapo ndipo mlio ulipotoka, lakini haukutoka juu. Ulitoka chini ya miguu yangu. Kiti cha mlingoti kilikuwa kimeng'oka na kupasua ubao wa sakafu, maji yakaingia kwa nguvu.

"Tanga chini!" Ouma akapiga kelele. Odera akakata kamba kwa panga, tanga likaanguka.

Nikadhani tumepona. Kumbe bado. Kila wimbi likitupiga, mlingoti uliyumba, na kwa kuwa mguu wake niliugandisha mwenyewe kwa resin, ulikuwa unaupanua ule ufa kama mtaimbo. Odera akaupiga panga pale chini. Panga likaruka. Akapiga tena, halikuacha hata alama.

"Omera, kitu yako inakataa!"

Maji yalikuwa yamefika kwenye mashavu ya miguu. Niliogopa, wakuu, siwezi kuipamba. Niliogopa mpaka nikasahau jina la mtoto wangu wa mwisho.

Ouma akanirudisha duniani. "Shemeji! Kumbatia hiyo mti! Isicheze!"

Nikakaa ndani ya maji. Nikaukumbatia kwa mikono na miguu, shati langu nimelisokomeza kwenye ufa na kulikanyaga kwa kisigino. Odera akanivalisha ile life jacket, akaifunga kwa kipande cha kamba, halafu akaanza kuchota maji kwa jerikani lililokatwa. Ouma akapiga kasia.

Sijui ilichukua muda gani. Nilisali sala ambazo sikuwa nimezisali tangu shule. Kila nikifungua macho, ufuo uko palepale.

Kilichotuokoa ni Akoth. Alikuwa amesimama ufukweni, akaona tanga limeshuka ghafla, akawakimbilia watu wenye mashua ya injini. Walitufikia maji yakiwa yamebakisha kama shubiri mbili kufika ukingoni, wakatuvuta.

Tulipogusa mchanga, mikono yangu ilikataa kufunguka. Walinifungua kidole kimoja kimoja.

Akoth akamshika mume wake kichwa, akamshika Odera bega, akanifikia mimi. Akanizaba kofi. Halafu akanikumbatia akalia, na mimi nikalia mbele ya soko zima la samaki.

Mashua imelala upande, tumbo wazi. Mlingoti wangu umesimama, hauna hata mkwaruzo.

Odera aliutazama. Akaniambia taratibu, bila hasira, na afadhali angenitukana:

"Mti yako iko na nguvu kushinda mashua. Ya mbao ingevunjika, tungepiga kasia, tungerudi nyumbani tukule."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Nilipima urefu, nikapima unene, nikaulizia uzito. Yule anayekaa ameuegemea kila siku sikumuuliza swali hata moja. Kuvunjika kulikuwa sehemu ya kazi ya ule mti, na mimi nikakuondoa nikitarajia sifa.

Simaanishi fiberglass ni mbaya. Mashua tumeitengeneza, kwa sasa wamerudia mkaratusi, na mimi bado najaribu. Napunguza matabaka, nauacha upinde, mguu unakazwa kwa kabari za mbao kama zao.

Lakini hautoki karakana kabla Odera hajaupitisha. Anakuja Migori, anakaa chini, anauegemea, anafunga macho, nasi tunauvuta ncha ya juu kwa kamba, mfano wa upepo.

Mara tatu sasa amesema, "Bado."

Mara zote tatu nimechukua grinda nikaukata, mbele yake, bila kubishana.

Sasa mnisaidie. Mliotumia mabomba ya chuma au fiberglass kwenye tanga, iwe Mbita, Karungu au kwingine kokote, mnajuaje kwamba mlingoti umechoka? Mnausikia wapi? Andikeni hapa, nitamsomea Odera.