Jina Nililoandika Kwenye Jezi

Mnisamehe kwanza kwa makosa ya herufi na mwandiko huu unaopanda na kushuka, niliishia darasa la nane na kalamu huniendea polepole, lakini aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha.

Timu yetu ya vijana wa kanisa hapa Umoja haikuwa na jina. Mimi ndiye huandika kwenye fulana (hukata herufi kwenye filamu kuukuu za eksirei, kisha napaka rangi), kwa hivyo kapteni wetu Oduor akaniambia, "Tafuta jina kali, Jumapili unavaa namba saba." Miaka miwili nilikuwa nabeba maji tu, sasa ningelala kweli?

Nikaazima kamusi ya Kiingereza kwa jirani, nikakuta Bandits. Ilisema neno lilitoka Italia, na zamani lilimhusu mtu aliyetangazwa hadharani kuwa amefukuzwa kwao. Nikasema hawa ni sisi kabisa, maana uwanja wetu ulizungushiwa mabati na tukafukuzwa kwa kipaza sauti. Maana ya siku hizi, ya majambazi, niliiona pia (sidanganyi), nikaamua hakuna atakayeijali.

Nilisahau kuwa kwetu jezi huombewa madhabahuni kabla ya mechi.

Mama Mchungaji akainua moja, akafumba macho. "Baba, wafunike vijana wako hawa..." Akafumbua asome jina, akaigeuza jezi kanisa zima lilione.

"Bandits si ni wale wa kuiba ng'ombe kwenye habari? Nani ameandika?"

Nikasimama, nikaeleza Italia, nikaeleza kutangazwa, nikaeleza mabati, na kadiri nilivyoeleza ndivyo kwaya ilivyozidi kujificha nyuma ya vitabu vya nyimbo ikicheka.

"Kijana wangu," Mama akasema taratibu, "sasa nimwombe Mungu awasaidie kuiba mabao?"

Jezi zikarudi kwenye gunia. Timu ikakutana na wapinzani wetu wa mtaa wa Baba Dogo ikiwa na fulana za kwaya, za zambarau, njiwa kifuani. Kabla ya mpira kuanza Oduor alichukua kipaza sauti, akasema mbele ya umati, "Mwandishi wetu hachezi leo. Amerudi kwa maji."

Yaani nilitangazwa hadharani, nikafukuzwa. Bandit wa kweli nikawa mimi, na ndoo yangu.

Tulishinda mbili kwa moja, na Oduor anasema nikileta jina jipya narudi uwanjani. Naapa sitachagua tena maana moja nikaifumbia macho nyingine. Kama una jina ambalo Mama Mchungaji anaweza kuliombea hadi amina, tafadhali niandikie. Nitajibu, ila polepole.