Kwezi Juu ya Nguo za Mtoto

Nikiwa na miaka tisa nilitaka ndege waje kwetu kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Tulikaa Karatu mjini, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya safu ya maduka, na uani kulikuwa na kipande cha bustani ambacho ungekivuka kwa hatua kumi. Kilikuwa na mgomba mmoja, mparachichi mchanga, matuta mawili ya figiri ya Mama na kamba ya kuanikia nguo. Waliokuja pale walikuwa kuku wa jirani tu, na vumbi la magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro.

Baba yangu alikuwa dereva wa hayo magari. Siku moja alirudi na habari za hoteli iliyoko njia ya kreta, ambako wanatundika chakula cha ndege bustanini na wageni wanakaa na kahawa zao asubuhi nzima wakiwatazama.

"Wanafugwa?" nilimuuliza.

"Wala. Wanakuja wenyewe, wanakula, wanaondoka."

Nilimsumbua mpaka akanitengenezea. Tulichukua chupa ya maji ya plastiki, akaitoboa kwa msumari wa moto, akapitisha miiko miwili mibovu iwe mahali pa kutua, tukaitundika kwenye mparachichi. Mtama niliupata kwa Mzee Hamisi, mwenye duka la nafaka mbele yetu, aliyeniruhusu kuzoa punje zilizomwagika chini ya magunia yake. "Zoa, mwanangu, zoa," alisema, "unanipunguzia panya." Maji tuliyaweka kwenye mfuniko wa ndoo.

Siku nne hakuja hata mmoja. Siku ya tano wakaja shomoro, halafu tetere, halafu kwera wa njano waliogombana kama watu kwenye foleni. Mwisho wakaja kwezi, migongo yao ya bluu inang'aa, vifua rangi ya chungwa, macho meupe yasiyoogopa mtu. Nilikuwa natoka shule mbio ili niwakute.

Wakati huo Mama alikuwa mjamzito, na siku za kujifungua zilipokaribia Bibi mzaa baba akaja kutoka kijijini kwake Daa kumsaidia. Alitua gunia lake la maharage, akaenda mlango wa uani, akaiona ile chupa imejaa ndege.

"Nani amewaita hawa?"

"Mimi, Bibi."

"Ndege wa porini makao yake ni porini. Ukimzoesha mlangoni, kuna siku ataingia ndani. Na akiingia akatua, hatoki peke yake. Anatoka na mtu."

"Mama, utamtisha mtoto," Mama alisema kutoka chumbani, akicheka.

Bibi hakucheka. Alisema kwamba kabla hajamzika mwanawe wa tatu, ndege aliingia nyumbani kwake akatua juu ya jiwe la kusagia. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni. Sauti ile ndiyo iliyoniogopesha.

Ningeweza kuiondoa chupa siku ileile. Sikuiondoa. Niliitoa kwenye mparachichi uliokuwa karibu na mlango, nikaitundika kwenye nguzo ya mwisho ya kamba ya nguo, nikajiambia kwamba hatua kumi zinatosha.

Shule zilipofungwa, Baba akapata safari ndefu. Wageni wake walitaka kushuka Engaresero, kule Ziwa Natron, wapande mlima na kulala kambini. "Siku sita," alimwambia Mama. "Kule mtandao hakuna, usihangaike kunipigia." Mama alimwambia aende salama, mtoto bado ana wiki nne.

Siku ya pili baada ya Baba kuondoka, asubuhi, Mama alikuwa amekaa kivulini akichambua maharage, miguu ameiweka juu ya kigoda. Bibi alikuwa dukani. Mama akanituma nimletee kitenge chumbani. Nikasukuma mlango uliokuwa nusu wazi, na kwezi alikuwa kitandani.

Alikuwa amesimama juu ya nguo za mtoto, zile ambazo Mama alikuwa amezifua na kuzikunja: sweta, nepi, kofia ndogo ya njano. Alinitazama kwa lile jicho jeupe wala hakukimbia. Nilipopunga mikono aliruka, akagonga kioo cha dirisha mara mbili, akanipita sikioni akatokea mlangoni. Kwenye kofia aliacha kinyesi.

Niliifua ile kofia kwa sabuni mpaka vidole vikaniuma, nikaianika nyuma ya mgomba.

"Mbona umeifua tena?" Mama aliuliza.

"Ilianguka."

Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Baada ya hapo sikutulia. Niliishusha chupa nikaitupa nyuma ya choo, nikamwaga maji ya mfuniko. Ndege hawakuelewa. Waliendelea kuja, wakajipanga kwenye kamba wakipatazama mahali palipokuwa na chupa, na shomoro wakaanza kurukaruka hadi kizingitini kutafuta punje. Nilifunga mlango. Mama akafungua kwa sababu ya moshi wa jikoni. Nikafunga tena. Kila baada ya muda kidogo nilikwenda kumchungulia Mama, nikatazama kifua chake kama kinapanda na kushuka.

"Unataka nini, Lina?"

"Hakuna."

Nilichukua simu yake nikampigia Baba, mara saba, labda zaidi, na kila mara ile sauti ya mwanamke ikaniambia kwamba hapatikani. Kichwani nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: ni Mama au ni Baba. Mtoto sikumhesabu, kwa sababu sikuwahi kumwona.

Siku mbili nilienda hivyo. Ya tatu Bibi alinikuta uani nikiwatupia kwezi mawe huku nalia. Akanishika mkono, jiwe likadondoka, nami nikamwambia yote. Sikupigwa wala kukaripiwa. Aliniuliza swali moja tu.

"Alitua wapi?"

"Juu ya nguo za mtoto."

Akajifuta mikono kwa khanga yake, akaingia kwa Mama, mimi nyuma yake.

"Mama Lina, vaa. Tunakwenda hospitali."

"Kufanya nini, Mama? Sina uchungu."

"Kichwa je?"

"Kinauma kidogo, ni jua tu. Namsubiri baba Lina arudi, tutakwenda wote."

"Vaa."

"Lakini kwa sababu gani?"

"Nimeota vibaya," Bibi alisema. Alinitupia jicho alipokuwa anasema, na hata kwa umri wangu nilijua kwamba hakuna ndoto yoyote, kwamba alikuwa ananifichia siri yangu.

Mama alikuwa mtu wa kanisa, na mwalimu. Alisema yeye hapandi gari kwa ajili ya ndoto. Hapo Bibi, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti ndani ya nyumba ya mwanawe, alipiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Basi nenda kwa sababu mimi ndiye mama wa mume wako na nimesema!"

Mzee Hamisi alikuja na pikapu yake, duka ameliacha wazi na wateja ndani. Walimpandisha Mama mbele. Bibi alipanda nyuma, ameshika ubao kwa mikono miwili, na mimi nikabaki barabarani na mke wa Mzee Hamisi nikiliangalia vumbi.

Walimfanyia upasuaji jioni ileile. Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi siku mbili. Baba aliwahi kumshika. Alifika moja kwa moja kutoka safari, nyusi zimejaa vumbi, bado amevaa fulana ya kazi. Mtoto tulimzika Daa, kando ya shamba la Bibi, asubuhi yenye ukungu, na shimo lilikuwa dogo mno hivi kwamba mjomba alilichimba peke yake.

Baadaye, sebuleni, Baba aliwaeleza watu alichoambiwa na daktari. Presha ya Mama ilikuwa imepanda vibaya. Ingekuwa siku moja zaidi, wangeondoka wote wawili. Watu walimshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na katika maneno yote hayo nilisikia jambo moja: ndege ametoka na mtu, na aliyemwita ni mimi.

Wiki moja baada ya matanga, Bibi aliiokota ile chupa nyuma ya choo. Aliiosha, akaijaza mtama, akapanda juu ya kigoda na uzee wake, akaitundika kwenye mparachichi, palepale pa mwanzo. Alipomaliza alinigeukia, akanitazama. Nilikimbilia ndani nikajifunika blanketi. Niliona ananiadhibu, kwamba anataka nilione kosa langu kila siku. Keshoye alirudi Daa.

Miaka ilipita bila mtu kusema neno. Nikiwa kidato cha nne, likizo, nilitumwa Daa kumsaidia kupukuchua mahindi. Tulikuwa wawili tu juu ya turubai. Nikamuuliza bila kumtazama.

"Bibi, yule ndege. Ni mimi niliyemwita?"

Mikono yake ilisimama. "Umelibeba hilo mpaka leo?"

"Ndiyo."

"Mama yako alikuwa amevimba miguu wiki nzima. Uso pia. Kila nikimwambia twende hospitali anasema anamsubiri mumewe. Mimi mtu wa shamba, ningembishia vipi mwalimu? Uliponiambia habari ya ndege, niliogopa sana. Hofu ndiyo iliyonipa kelele zile."

"Kwa hiyo ulikuwa huamini mambo ya ndege?"

"Niliamini. Hata sasa naamini." Akachukua hindi jingine. "Lakini wewe hukumchukua mtoto. Wewe ulimtoa mama yako nyumbani."

"Mbona hukuniambia?"

"Si nilirudisha chakula cha ndege? Nikadhani umeelewa."

Sikujua nicheke au nilie. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeibeba chupa ile kama hukumu, kumbe kwake ulikuwa msamaha. Aliyekuwa na la kusema alilisema kwa mikono, na mimi nilikuwa mtoto anayengoja maneno.

Bibi hayupo tena. Mimi sasa naishi Karatu hiyohiyo, nina watoto wawili, na najua jina la ugonjwa uliompata Mama na kwamba hauletwi na bawa la kiumbe yeyote. Ninawalisha ndege uani kwangu. Hata hivyo, shomoro akikosea njia akaingia jikoni, naacha kila nilichoshika, nafungua madirisha yote, na moyo haunitulii mpaka nimewasikia wote wa kwetu kwenye simu.

Mama sikumwambia mpaka mwaka jana. Tulikuwa tumekaa kwake tunakunywa chai, nikamsimulia tangu mwanzo. Nilitegemea acheke, au aseme ushirikina, kama mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Siku zile, ulikuwa unalala?"

"Kidogo tu, Mama."

Akaweka kikombe chini. "Nami nilikuwa chumba cha pili tu, nisijue," alisema, na machozi yakamtoka.

Nilipokuwa narudi nyumbani jioni ile nilitambua kwamba swali hilo dogo ndilo nililolingoja tangu utotoni. Daktari alikuwa ameshaeleza, Bibi naye kwa namna yake, na nilikuwa nimewaelewa wote. Ila hakuna aliyekuwa ameniuliza.